Mwani wa Kijani na Kasuku wa Kijivu: Jukumu la Kuthibitisha katika Historia ya Biashara ya Viumbe vya Mapambo, 1981–2017

Utangulizi

Kulinganisha mwani na ndege ni jambo linaloweza kumshangaza msomaji aliyezoea historia linganishi ya mataifa, miji au vyama vya siasa. Mwani unaozungumziwa hapa, Caulerpa taxifolia, ni kiumbe cha baharini ambacho mwili wake wote ni seli moja yenye viini vingi visivyotenganishwa na kuta. Kasuku wa kijivu, Psittacus erithacus, ni ndege wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, mwenye mkia mwekundu na umri mrefu, ambaye uwezo wake wa kuiga sauti ya binadamu umemfanya atafutwe na wafugaji wa mabara yote. Kibaiolojia, viumbe hivi havina ujamaa wowote wa karibu. Kinachoviweka pamoja ni biashara. Vyote viwili vilipendwa kwa uzuri wao, vikaondolewa katika maji na misitu yao, vikawekwa ndani ya kioo na ndani ya tundu, na hapo njia zao zikaachana. Mwani ulitoroka ukaenea pasipo kwao. Kasuku alinaswa akaadimika kwao.

Katika visa vyote viwili, miaka mingi ilipita kati ya dalili ya kwanza ya madhara na hatua ya kisheria yenye nguvu. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba maarifa yalikuwa haba. Makala hii inapinga maelezo hayo kwa kutumia tofauti moja iliyo wazi kati ya viumbe hivi viwili, yaani tofauti ya kumbukumbu zao. Mwani ulivuka mipaka bila hati yoyote ya kuuhesabu. Kasuku, kinyume chake, alihesabiwa katika hati za kimataifa mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya theluthi moja ya karne. Ikiwa asiyehesabiwa na aliyehesabiwa walichelewa kushughulikiwa kwa namna inayofanana, basi uhaba wa hesabu hauwezi kuwa ndio sababu kuu. Itabidi tuangalie swali lililoulizwa lilikuwa lipi, na nani aliyetakiwa kulijibu.

Mita moja ya mraba

Mwani wa kijani ulionekana mwaka 1984 chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco, katika eneo linalokadiriwa kuwa mita moja tu ya mraba. Jumba hilo lilikuwa na matangi ya samaki wa kitropiki, na ndani yake mwani huo ulitumika kama pambo. Historia yake ya awali inaanzia katika bustani ya wanyama ya Wilhelma mjini Stuttgart, Ujerumani, ambako aina yenye kustahimili maji baridi ilikuzwa, kisha ikapelekwa katika matangi ya Nancy nchini Ufaransa, na kutoka huko ikafika Monaco. Safari hii yote ilifanyika kwa utaratibu wa kawaida wa taasisi zinazopeana vipande vya mimea. Hakuna ofisa wa forodha aliyekuwa na sababu ya kuuliza.

Mwanabaiolojia Alexandre Meinesz wa Chuo Kikuu cha Nice alipoanza kuandika juu ya jambo hili, eneo lilikuwa limefikia takribani hekta moja mwaka 1989. Mwaka 1991 lilikaribia hekta 30. Ufaransa ilipiga marufuku kuuza, kununua, kutumia na kutupa mwani huo baharini kwa amri ya waziri ya Machi 1993, miaka tisa baada ya ile mita moja ya mraba. Kufikia mwisho wa mwaka 2000, eneo lililoathirika lilikadiriwa kuwa kilometa za mraba 131 katika nchi sita: Ufaransa, Monaco, Italia, Hispania, Croatia na Tunisia.

Namna ya kuenea kwake inaeleza kwa nini miaka hiyo tisa ilikuwa ghali. Mwani huu hauhitaji mbegu. Kipande kidogo kilichokatwa na nanga au kunaswa katika wavu hukua kikawa mmea kamili, na kila mashua ya starehe inayohama kutoka ghuba moja hadi nyingine yaweza kukibeba. Aidha, una kemikali, hasa ile iitwayo kaulepenini, inayowafanya walaji wengi wa baharini wauepuke. Palipokuwa na nyasi za bahari za Posidonia, ambazo ni makazi na malisho ya viumbe vingi vya Mediterania, mwani ulipenya na mahali pengine ukatawala. Magazeti ya Ufaransa yaliuita mwani muuaji. Jina hilo halikuwa sahihi kisayansi, kwa kuwa mwani haukuua mtu, lakini mwanahistoria hawezi kulipuuza. Liliwapa wapinzani wa Meinesz nafasi ya kuushambulia ukali wa lugha badala ya kujibu vipimo.

Swali la asili

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi mahali mwani ulikotoka kuliko mahali ulikokuwa ukielekea. François Doumenge, aliyeongoza jumba la makumbusho baada ya Jacques Cousteau, alikataa maelezo kwamba mwani ulitoka katika matangi ya taasisi yake. Yalitolewa maelezo mbadala: kwamba ulifika wenyewe kwa njia ya asili, au kwamba ni Caulerpa mexicana, spishi jirani iliyokuwa tayari mashariki mwa Mediterania, iliyobadilika umbo. Maelezo haya hayakuwa ya kipuuzi. Mwani wa jenasi hii hubadilika sana kulingana na mwanga na joto, na Mfereji wa Suez umepitisha viumbe vingi kutoka Bahari ya Shamu. Watu makini waliweza kuyaamini.

Hata hivyo, ni lazima tuone kazi ambayo swali hilo lilifanya. Maadamu asili haikuthibitishwa, hapakuwa na mwenye dhamana. Na pasipokuwa na mwenye dhamana, hapakuwa na wa kugharimia kazi ya kuung'oa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mwani wa Mediterania na ule wa matangi ni aina moja. Tafiti zilizofuata ziliuhusisha na maji ya mashariki ya Australia, karibu na Moreton Bay. Swali la asili likafungwa kwa kiasi kikubwa, lakini lilifungwa wakati ambapo jibu lake halingeweza tena kusaidia kuurudisha mwani ndani ya kioo. Kwa lugha ya mahakama, jukumu la kuthibitisha lilikuwa limewekwa juu ya aliyepiga mbiu badala ya aliyemiliki tangi.

Ipo linganisho fupi linaloonyesha kwamba mambo yangeweza kwenda vingine. Mwezi Juni 2000 mwani huohuo ulitambuliwa katika wangwa wa Agua Hedionda, mjini Carlsbad, California, na baadaye kidogo katika Huntington Harbour. Kazi ya kuuangamiza ilianza siku 17 baada ya kutambuliwa. Wapiga mbizi walifunika kila sehemu kwa turubai za plastiki na kuingiza klorini chini yake. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba mwani umetokomezwa, kwa gharama ya takribani dola milioni 7. Walikuwa na maarifa mengi kuliko Monaco ya 1984, hilo ni kweli, na Marekani ilikuwa imeshauorodhesha mwani huo miongoni mwa magugu hatari mwaka 1999. Lakini maarifa yenyewe yalitoka Mediterania, kwa watu walewale ambao onyo lao lilisubirishwa nyumbani. Na watu wa Carlsbad hawakungoja kujua ni tangi la nani lililomwagwa.

Kasuku aliyehesabiwa

Hali ya kasuku wa kijivu ni kinyume karibu kila mahali. Spishi yake ilipewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Eneo lake linaanzia Afrika Magharibi, likapita bonde la Kongo, na kufika Uganda, msitu wa Kakamega nchini Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1981, pamoja na karibu kasuku wote duniani, aliwekwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Kiambatisho hicho hakikatazi biashara. Kinaruhusu nchi kuuza kwa kibali, mradi mamlaka ya kisayansi ya nchi hiyo ithibitishe kwamba mauzo hayaidhuru spishi.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha kisa hiki. Kwenye karatasi, jukumu la kuthibitisha liko kwa muuzaji. Katika utendaji liligeuka. Kuhesabu kasuku msituni ni kazi ngumu, kwa sababu ndege hawa husafiri mbali kila siku, hulala pamoja katika miti michache na kutaga katika mashimo ya miti mirefu. Nchi nyingi zilizouza hazikuwa na fedha wala wataalamu wa kufanya hesabu hiyo. Badala ya kusema kwamba pasipo hesabu pasiwe na mauzo, mfumo ulikubali mgawo wa mwaka, yaani idadi ya juu ya ndege wanaoruhusiwa kutoka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mfano, ilikuwa na mgawo wa ndege 5,000 kwa mwaka katika miaka ya mwisho ya utaratibu huo. Mgawo ulionekana kama matokeo ya sayansi kwa sababu ulikuwa tarakimu. Kwa maoni yangu, ulikuwa makubaliano ya kiutawala yaliyovaa joho la sayansi.

Kwa hiyo kumbukumbu zilijaa. Tangu mwaka 1975, zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1.3 waliotolewa porini waliandikwa katika takwimu za mauzo ya nje. Mtafiti anayefungua takwimu hizo anaweza kudhani kwamba ana mbele yake historia ya kasuku. Alichonacho ni historia ya vibali. Ndege anaingia katika hati hii pale tu anapofika uwanja wa ndege akiwa hai, ndani ya sanduku, akiwa na karatasi. Kabla ya hapo amenaswa kwa ulimbo uliopakwa kwenye matawi, au kwa wavu uliotegwa kwenye mbuga ndani ya msitu ambako makundi hushuka kutafuta madini. Mara nyingi kasuku aliyefungwa hutumika kuwaita wenzake. Manyoya ya mabawa hukatwa au kung'olewa, kisha huja safari ya pikipiki, mtumbwi au lori. Sehemu kubwa ya ndege hufa njiani. Hao hawamo katika tarakimu milioni 1.3, kama ambavyo hawamo wale waliopita kwa magendo. Ukubwa wa magendo ulidhihirika mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, pale zaidi ya kasuku 1,000 walipokamatwa mjini Douala, Cameroon, na kupelekwa katika kituo cha wanyama cha Limbe.

Mahitaji yalitoka nje ya Afrika, nayo yana historia yake. Hapa yatosha kutaja mambo mawili. Utafiti wa Irene Pepperberg juu ya kasuku Alex, aliyenunuliwa katika duka la wanyama huko Chicago mwaka 1977 na kufa mwaka 2007, ulionyesha kwamba ndege huyu aliweza kutumia maneno kutaja rangi, maumbo na idadi. Kwa Mswahili anayesema kwamba mwanafunzi fulani anakariri kama kasuku, habari hiyo inaleta kejeli ndogo: ndege aliyekuwa mfano wa kurudia pasipo kuelewa alithibitika kuelewa mengi. Jambo la pili ni kwamba masoko yalifungwa kwa sababu zilizogusa kasuku kwa mbali tu. Marekani ilibana uingizaji kwa sheria ya mwaka 1992 ya kuhifadhi ndege wa porini. Umoja wa Ulaya ulizuia ndege wa porini mwaka 2005, kwa muda, kutokana na hofu ya homa ya mafua ya ndege, na kuufanya uzuio huo kuwa wa kudumu mwaka 2007. Afya ya kuku wa Ulaya ilifanya kwa haraka kile ambacho takwimu za robo karne hazikufanya.

Ushahidi wa msituni ulikuja baadaye. Nchini Ghana, ambako hesabu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwepo, watafiti walirudi katika maeneo yaleyale na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016. Katika maeneo matatu ambayo miongo miwili nyuma kila moja lilikuwa na kituo cha kulala chenye ndege kati ya 700 na 1,200, walihesabu ndege 18 tu. Walikadiria kwamba idadi ya kasuku nchini humo imepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Mwaka huohuo, katika mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, kasuku wa kijivu alihamishiwa Kiambatisho cha I, kinachokataza biashara ya ndege wa porini, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Ilikuwa miaka 35 tangu 1981.

Pingamizi la kupungua kwa mwani

Linganisho hili linakabiliwa na pingamizi moja zito, na mtahini ana haki ya kuliuliza. Tangu muongo wa kwanza wa karne hii, mwani wa Mediterania umepungua sana katika maeneo mengi uliyokuwa umeyatawala, bila kampeni yoyote kubwa ya kuung'oa. Hata wakati wa kilele, vipimo vya picha zilizopigwa kutoka angani vilitoa eneo dogo kuliko lile la wapiga mbizi, kwa sababu eneo lililoathirika na eneo lililofunikwa kabisa si kitu kimoja. Je, hii haioneshi kwamba waliosita walikuwa na busara?

Nadhani hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna aliyesita mwaka 1991 kwa hoja kwamba mwani ungepungua wenyewe baada ya miaka ishirini. Walisita kwa hoja ya asili. Kuwapa sifa ya utabiri ambao hawakuutoa ni kuisoma historia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Pili, na hapa ndipo kasuku anapotusaidia kuuelewa mwani, kusubiri uthibitisho kuna gharama tofauti kulingana na uzazi wa kiumbe. Mwani unaozaliana kwa vipande hupanda haraka na huweza kushuka haraka. Kasuku wa kijivu huchelewa kuanza kuzaa, hutaga mayai machache, na huhitaji shimo katika mti mkubwa ambao huenda mkata magogo ameshauondoa. Kituo cha kulala kikishabaki na ndege wachache, hakuna ongezeko la ghafla la kusubiriwa. Mfumo uleule wa kudai uthibitisho kamili ulitumika kwa kiumbe ambacho makosa juu yake yangeweza kufutika na kwa kiumbe ambacho makosa juu yake hayafutiki katika umri wa mtu mmoja. Bahati ya Mediterania haiwezi kuhesabiwa kuwa sera.

Tofauti nyingine inahusu waliolipa. Gharama ya mwani iliwaangukia wavuvi na serikali za pwani za nchi ambazo zina vyuo vikuu, magazeti na mahakama. Mbiu ya Meinesz, pamoja na upinzani wote aliokutana nao, ilichapishwa kama kitabu mwaka 1997 na kusomwa. Kupungua kwa kasuku kulitokea mbele ya watu ambao hawakuwa na gazeti la kuandikia. Wategaji wa ndege na wakazi wa vijiji vya msituni ndio waliojua kwanza kwamba mti fulani haulali tena kasuku, lakini maarifa hayo hayakuwa na safu katika fomu ya mgawo. Aghalabu mtegaji hutajwa katika taarifa za uhifadhi kama mhalifu, mara chache kama shahidi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo iliweka pingamizi rasmi dhidi ya uamuzi wa Johannesburg, na ambamo njia za ndege kutoka misitu ya Maniema na Tshopo hupitia Kindu na Kisangani. Takwimu za CITES zinaweza kueleza ni masanduku mangapi yaliyoondoka nchini humo. Haziwezi kueleza ni lini makundi yaliacha kushuka katika mbuga fulani, ni kijiji kipi kilikataa wategaji wageni, wala bei ya ndege mmoja ilibadilikaje mtoni miti ya kulala ilipopungua. Habari hizo zipo katika kumbukumbu za watu wazima wanaozungumza Kiswahili cha Kongo, Kilingala na lugha za jamii zao, na wale waliotega kabla ya 1981 sasa ni wazee. Sura inayofuata inaanza kwa maswali ya mahojiano yatakayotumika mjini Kindu na katika vijiji vilivyo kando ya mto Lualaba.